Siku Nilipompeleka Mwati wa Nyambura Kanisani

Nianze kwa kukiri, maana hata nisipokiri mtaambiwa. Ukifika hapa Kiganjo, Thika, ukamuuliza mwenye kibanda yeyote habari za mwalimu wa shule ya Jumapili aliyelisha kanisa zima uchumba wa dada yake, hatakuuliza ni mwalimu yupi, atakunyoshea kidole moja kwa moja mpaka kwenye geti letu, na ukiwa na dakika mbili zaidi atatoa simu akuonyeshe na video. Mwalimu huyo ni mimi. Mwanzoni nilikuwa napita njia ya nyuma nikienda dukani, nikiinamisha kichwa, lakini aibu nayo huchakaa ikivaliwa kila siku, na siku hizi naona afadhali niisimulie mwenyewe, angalau isimuliwe kwa mpangilio.

Jina langu ni Kamau. Katikati ya wiki nauza vigae vya sakafu kwenye duka moja kule Ruiru, na Jumapili nafundisha kanisani (miaka kumi na miwili sasa, isipokuwa ile miezi mitatu niliyopumzishwa, ambayo mtaielewa mkimaliza kusoma). Ugonjwa wangu, kama kila mtu ana wake, ni kupenda kuambiwa, "Mwalimu, leo umefafanua." Mtu akiniambia hivyo Jumapili, vigae huuzika mpaka Alhamisi.

Sasa, dada yangu Nyambura, kitinda mimba wetu, alikuwa amechumbiwa na Kariuki, kijana mpole anayetengeneza pampu za maji. Baba yake Kariuki ni Mzee Gathogo, mkulima wa nyanya kule Ngoliba, mashariki ya Thika, mzee wa kanisa kwao na papo hapo mtu wa mila kamili. Kwetu Wakikuyu, posa hufunguliwa kwa wanyama wawili: mwati, yaani kondoo jike kijana ambaye hajazaa, na harika, ambaye ni mbuzi wa namna hiyo hiyo. Siku hizi watu wengi huwatia hao wawili kwenye bahasha na mambo yakaisha. Mzee Gathogo alikataa bahasha. Alisema hajawahi kusikia bahasha ikilia mee, akawaleta wakiwa hai kwa pikapu, wiki mbili kabla ya Pasaka, na mwati akiwa amekatwa alama ndogo kwenye ncha ya sikio la kushoto kwa kisu cha mzee mwenyewe.

Wageni walipoondoka, mama aliniita nyuma ya nyumba tulikowafunga.

"Kamau, atiriri," akaniambia, yaani nisikilize, "hawa si mifugo. Hawa ni neno. Wakiwa hapa wakikula nyasi, hilo neno limesimama. Hawachinjwi, hawauzwi, hawaazimwi mtu. Umeskia?"

Nilisikia. Naliandika hili wazi kwa sababu baadaye wazee waliniuliza swali hilo mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa hilo hilo: nilisikia.

Juma hilo hilo Pasta akanipa dakika ishirini za ibada ya Pasaka, nifundishe jinsi agano la kale lilivyokuwa likielekeza kwenye agano jipya. Hilo ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Mtu akija mlangoni jua likiwa nyuma yake, kivuli chake hutangulia kuingia, na wewe uliye ndani ukiona kivuli unajua mwenyewe yuko njiani. Ndivyo ilivyokuwa ile damu ya mwana-kondoo kwenye miimo ya milango kule Misri, na ndivyo zilivyokuwa sadaka zote za hekaluni, kivuli kilichotangulia, mpaka Mwana-kondoo mwenyewe akaingia. Mnaona? Ni somo zuri. Lakini kila mwaka nililifundisha kwa michoro kwenye karatasi za manila, na kila mwaka safu za nyuma zililala, na mwaka uliotangulia mchoro wangu wa kondoo ulimfanya mtu fulani aulize kama ni sofa.

Basi Jumamosi ya kuamkia Pasaka, alasiri, nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni nikichonga penseli, nikainua macho, na mwati alikuwa ananitazama. Mweupe pepepe, hana ila, anatafuna taratibu kama mtu anayesubiri uamue.

Mama alikuwa ameenda Murang'a kwa dada yake, arudi Jumapili mchana. Nyambura alikuwa mazoezini na kwaya. Nikafikiri (na hapa naomba mtazame jinsi mtu aliyesoma anavyofikiri): sitamchinja, sitamuuza, na kuhusu kuazima, mimi ni mwana wa nyumba hii, je, mtu anaweza kujiazima? Nikaona haiwezekani. Nikaweka penseli chini.

Jumapili asubuhi, Nyambura alipotangulia kanisani, nilimwogesha mwati kwa sabuni ya unga, nikamkausha kwa mashine ya nywele ya Nyambura, nikamfunga utepe mwekundu shingoni. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi. Alitembea vizuri. Watu njiani walisema, "Mwalimu, leo ni leo," nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye siri.

Niliingia naye kwa mlango wa mbele katikati ya wimbo. Kwaya ilikuwa imesimama, na nilimwona Nyambura, katika joho lake la zambarau, akimtambua mnyama wake: mdomo uliendelea kuimba lakini macho yalikuwa yameacha wimbo. Nikampungia mkono chini chini, ishara ya kwamba tulia, anarudi nyumbani. Akaniamini. Akashusha mabega, akaendelea na sauti ya pili.

Somo lilianza vizuri kuliko masomo yangu yote. Hakuna aliyelala. Nilieleza jinsi walivyotakiwa kumchagua mwana-kondoo asiye na dosari, wakakaa naye siku kadhaa, watoto wakamzoea na kumpa jina, ndipo achinjwe, ili wajue kwamba wokovu wao haukuwa wa bure, kuna aliyeulipia. Wamama walikuwa wameshika mashavu. Ndipo Cucu Wangari, bibi wa safu ya kwanza ambaye amefuga kondoo tangu utoto wake, akainama, akamchungulia mwati kwa nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwalimu, kondoo ya Pasaka si ilikuwa ndume? Huyu ni msichana."

Kanisa likacheka. Alikuwa amesema kweli, Maandiko yanasema wazi kuwa awe dume, na mimi nilijua, ila nilikuwa nimeamua hakuna atakayeangalia. Nikajikuta natafuta namna ya kuinuka tena, na mtu anayetafuta kuinuka husema zaidi ya alichopanga. Nikapaza sauti. Nikasema dume au jike, ujumbe ni mmoja: "Mwana-kondoo huyu lazima afe! Asipokufa yeye, nyumba haina amani!" Wakaitikia amina kwa kishindo. Mwati, kwa kushtuka, akafanya haja zake zote mbili kwenye zulia la madhabahuni.

Pasta akasimama haraka na kipaza sauti, nadhani kwa nia ya kuniokoa.

"Bwana asifiwe, kanisa! Mmeona moyo? Wengine wetu Pasaka tunaleta maneno. Mwalimu ameleta kondoo! Hebu tumpigie Bwana makofi!"

Hapa lazima nieleze desturi ya kanisa letu, msidhani ni watu wabaya. Kwetu, chochote kinachofika mbele kikiwa kwenye kamba, gunia au kikapu ni sadaka. Ndizi, kuku, majani chai, boga, vyote. Jumapili za kawaida hupigwa mnada baada ya ibada. Siku ya sikukuu huenda jikoni moja kwa moja. Kilichofika madhabahuni hakijawahi kurudi nyumbani na aliyekileta. Miaka kumi na miwili nimeitazama desturi hiyo kila Jumapili. Lakini kichwani mwangu mwati alikuwa kifaa cha kufundishia, kama chaki, na haikunijia hata mara moja kwamba kwa macho ya wengine wote alikuwa ni sadaka inayotembea.

Nilikuwa na nafasi ya sekunde mbili. Kusema, "Pasta, samahani, huyu si sadaka," ni maneno matano, hata mtoto angeyasema. Lakini watu walikuwa wamesimama, vigelegele vimepanda, mzee mmoja aliyekuwa hanisalimu tangu uchaguzi wa kamati alikuwa anafuta machozi, na wote walikuwa wananitazama mimi kama mtu mwema. Mdomo wangu ukafunguka, ukasema, "Amina."

Shemasi Njoroge, mkuu wa jikoni, akaja, akashika kamba, akatoka na mwati kwa mlango wa pembeni. Sikumtazama Nyambura.

Nikakaa safu ya kwanza, karibu na mke wa Pasta, nikijiambia nitatoka wimbo unaofuata nikamweleze Njoroge. Hakukuwa na wimbo uliofuata. Pasta aliingia kwenye mahubiri, tena alikuwa amebadilisha mahubiri, alihubiri juu ya kutoa bila kubakiza, na mfano nilikuwa mimi. Saa nzima na nusu. Kila nilipoinuka nusu, alidhani nimeguswa, akaniambia, "Keti, mtumishi, bado Bwana ananena," na watu wakasema amina, nikaketi. Mara tatu. Ya tatu alishuka akaniwekea mkono begani akahubiri akiwa ameniegemea.

Nilipotoka hatimaye, ngozi ilikuwa kwenye ua, imetandazwa vizuri, upande wa manyoya nje. Sufuria mbili zilikuwa zinatokota.

"Mwalimu!" Njoroge akaniita akitabasamu, mikono imejaa mafuta. "Hiyo kondoo yako ilikuwa pole, ai! Haikutoa hata sauti. Kama tu vile imeandikwa."

Nyambura alikuja nyuma yangu akiwa bado na joho.

"Kamau. Mwati wangu ako wapi?"

Nikamwonyesha ua kwa kidevu. Aliitazama ile ngozi, akakaa juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, miguu ikining'inia.

"Si ulinipungia mkono," akasema. "Mimi nikajua anarudi. Si ni wewe ulinipungia."

Nimesimulia mkasa huu mara nyingi na huwa nausimulia kwa utulivu, ila hapo sina utulivu. Iliniuma. Inaniuma hata sasa. Baba yetu alipofariki Nyambura alikuwa darasa la tatu, mimi ndiye nilikuwa nikimpeleka shule nikimshika mkono, na katika maisha yake yote nikimwambia kitu hakuniuliza mara mbili.

Kwa hiyo, badala ya kutubu, nikatoa mpango. Nikamwambia kesho alfajiri nitaenda sokoni, nitafute kondoo jike mweupe wa kimo kile kile, nitamkata sikio la kushoto mimi mwenyewe, mama hatajua, Mzee Gathogo hatajua. Nyambura akauliza, "Na Mungu?" Nikasema tuanze na mama.

Hapo ndipo pikapu ya Mzee Gathogo ilipoingia uwanjani. Mama alikuwa ameketi mbele, kati ya Mzee Gathogo na mkewe, anapunga mkono. Alikuwa amewapigia simu akiwa Murang'a, akawaomba wampitie stendi ya Thika mjini kisha waje kanisani kwetu wale Pasaka na sisi, kwa kuwa sasa tu watu wamoja, na hakuwa ametuambia kwa sababu alitaka tushangae. Tukashangaa.

Mgeni ni mgeni. Mzee Gathogo alikalishwa kwenye kiti chenye mto, chini ya turubai, mbele ya watu wote, na Njoroge akamletea sahani ya mbavu, zile nzuri za kwanza. Pasta akaombea chakula. Nyambura alikuwa amesimama na jagi na beseni ya kunawia wageni. Mzee akanawa, akamshukuru, akachukua ubavu mmoja.

Sikujua mila inasemaje juu ya mtu kula mwati aliyemtoa yeye mwenyewe kumposea mwanawe mke, na sikutaka tuigundue siku hiyo. Nilijua tu kwamba akishaumeza, uongo wangu utakuwa tumboni mwake, na hata nikikata masikio ya kondoo wote wa Thika sitautoa. Ubavu ukapanda. Ukafika kidevuni.

"Baba, usile hiyo nyama!"

Nina sauti kubwa. Nimefundisha watoto sitini bila kipaza sauti. Nilichosahau ni kwamba watu wapatao mia mbili walikuwa tayari wanaila au wananywa mchuzi wake.

Kwanza mtu mmoja akatema. Mwingine akauliza, "Iko na sumu?" na wa tatu hakuuliza, alipiga kelele, "Iko na sumu!" Kwenye turubai la pili wakaelewa kuwa ni kibudu, mnyama aliyekufa mwenyewe, na Njoroge akatoka jikoni na kisu mkononi akitaka kujua ni nani anasema nyama yake ni kibudu. Wamama walikuwa wanawatia watoto vidole kooni. Mke wa Pasta alikimbia na jagi la maziwa akiwanywesha watu kwa nguvu, pamoja na wawili waliokuwa hawajala kitu. Cucu Wangari peke yake aliendelea kutafuna, alisema yeye ameishi vya kutosha na nyama ni laini. Na simu, bila shaka, zilikuwa juu, zote.

Pasta akanisukumia kipaza sauti kifuani. "Mwalimu, ongea! Nini iko kwa nyama?"

Nikaongea. Nilisema hakuna sumu. Nilisema kondoo huyu ni mwati wa Nyambura, aliyeletewa na nyumba ya Mzee Gathogo, nilimchukua bila kuuliza mtu ili nionekane nafundisha vizuri, na Pasta aliponishukuru nilijua amekosea nikasema amina kwa sababu makofi yalikuwa matamu. Nikasema pia habari ya kukata sikio la kondoo mwingine, ambayo hakuna aliyeniuliza. Mama alijifunika uso kwa leso. Alisema neno moja tu, "Ngai," yaani Mungu wangu, polepole.

Mzee Gathogo alirudisha ubavu kwenye sahani. Akaomba aletewe kichwa. Njoroge akakileta ndani ya karai, kilikuwa hakijachomwa bado, na mzee akaligeuza sikio la kushoto kwa kidole gumba, akaitazama alama yake.

"Ni yeye," akasema.

Nikapiga magoti hapo kwenye majani. Nikasema, "Baba, nitalipa. Kesho kabla ya saa nne nitakuwa Ngoliba na kondoo mwingine. Hata wawili. Hata watatu."

"Usijaribu," akasema. Hakuwa mkali, alikuwa kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko. "Sikiza, Kamau. Mwati hutoka kwetu ikikuja kwenu. Wewe ukiniletea kondoo kwangu, hiyo ni kusema mmenirudishia. Mmekataa kijana yangu. Hii kitu huwezi lipa. Hata ukiuza hiyo duka yote ya vigae huwezi, kila kitu utaleta itazidi kuharibu." Akajifuta vidole. "Ni mimi nimekosewa, na hakuna mtu mwingine anaweza kutoa hiyo kondoo isipokuwa mimi. Nitaleta ingine."

Cucu Wangari akameza, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "sasa hilo somo umeliskia?"

Mzee akaomba aletewe wali na kabeji. Nyambura alipokuja kumnawisha tena, machozi yakimtoka, alimwambia, "Acha kulia, wewe bado ni wetu," na akamshikia beseni mwenyewe.

Sina mengi zaidi. Nilipumzishwa kufundisha miezi mitatu, Nyambura hakuongea nami kwa mwezi mmoja, na mama aliongea nami kupita kiasi. Nimeapa mambo mawili na nimeyatunza. Sipeleki mbele za Mungu kitu cha mtu mwingine, hata kama nakipeleka kwa sababu nzuri, hasa kama nakipeleka kwa sababu nzuri. Na nikipigiwa makofi ambayo si yangu, nasema hapo hapo, hata kama ibada itaharibika.

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, pikapu ya Mzee Gathogo ilisimama kwenye geti letu. Alikuwa na Kariuki, na nyuma kulikuwa na kondoo jike kijana, amechagua mzuri kuliko wa kwanza, niliona mara moja. Nikakimbia nimsaidie kumshusha. Mzee akanizuia kwa mkono. Nikaomba basi nishike kamba tu, akakataa. Nikaomba angalau nichangie mafuta ya gari, na hapo akacheka, akanionyesha kiti kando ya mlango.

"Wewe kaa hapo, Kamau. Leo kazi yenu ni kupokea."

Nikakaa, mikono mapajani, nikamtazama mzee wa miaka sabini akipanda nyuma ya pikapu, akimbeba kondoo kifuani, akishuka naye polepole, akivuka uwanja wetu mpaka kwa dada yangu. Niliwahi kubeba magunia, niliwahi kubeba vigae ghorofa nne bila lifti. Sijafanya kazi ngumu kama kukaa kwenye kile kiti.